Sauti ya Pili Ilipopotea Ghalani

Asifiwe Mungu aliyemuumbia mwanadamu sikio kabla mwanadamu hajajua kutengeneza spika, na aliyenivumilia miaka yote niliyodhani kwamba sauti nzuri ni kazi ya mikono yangu. Nimekabidhi funguo za chumba cha sauti cha usharika wetu hapa Vwawa, na ninyi vijana mlionipokea mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Habari za vyeo sitaziandika, kwa kuwa sikuwa navyo, na za mshahara zingeisha kabla ya nukta. Nitaandika yale yanayoweza kumsaidia mtu anayekaa mbele ya kompyuta na kujiuliza kwa nini wimbo uliomgusa jana leo umekuwa kelele.

Nilianzia Tunduma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na redio kaseti zikaanza kuingia kwa wingi. Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Kapufi, mtengeneza redio mwenye kibanda karibu na barabara kuu, pale malori yanayosubiri kuvuka mpaka yanapopanga foleni. Alitengeneza redio asubuhi, na mchana alinakili kaseti za kwaya. Nusu ya wateja walikuwa wetu na nusu walitoka ng'ambo ya mpaka. Salamu ilianza kwa "Mulishani, mukwai", yaani hamjambo kwa lugha ya ng'ambo, bei ikatajwa kwa Kiingereza, na ugomvi ukamalizwa kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati la kanisani, nikitegemea kufundishwa mitambo. Fundi akanipa pamba, spirit na kijiti, nikasafisha vichwa vya deki mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha akaweka kaseti tupu, isiyo na wimbo, akafungua sauti hadi mwisho.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Fundi."

"Sikiliza tena."

Nikasikiliza. "Kuna kama upepo."

"Na nini kingine?"

"Kama nyuki, mbali."

"Nyuki huyo ni umeme wangu. Na huo mngurumo wa chini?"

"Hilo ni lori, liko nje."

"Haya. Siku utakapomwambia mwenye kwaya kwamba wimbo wake umetoka vizuri, uwe unajua kwanza ni kiasi gani cha unachosikia ni kwaya, na kiasi gani ni mimi, umeme na lori la shaba."

Nilikaa naye miaka mingi, na sikumbuki kama aliwahi kunipa somo refu kuliko hilo. Nilikumbuka nusu yake tu, kama mtakavyoona.

Usharika uliponiita Vwawa, tulikuwa bado mkoa wa Mbeya. Chumba cha kurekodia hakikuwepo. Kikundi cha wakulima wa kahawa kilikuwa na ghala nyuma ya kanisa, mbali na barabara, na wazee wakakubaliana na kikundi tupewe upande mmoja. Hapakuwa na ukuta wa kututenganisha. Huku mitambo yetu, kule magunia ya kahawa yamepangwa karibu na dari, yakizunguka pande tatu. Nguo zetu zilinuka kahawa mbichi hata ibadani. Tulianza na deki ya kaseti, na baada ya miaka kompyuta ikaja, na pamoja nayo akaja Neema.

Neema alikuwa amesomea kompyuta Mbeya mjini. Alikuwa na umri wa binti yangu mkubwa na subira ndogo kuliko yake. Alinifundisha mambo ambayo ningestaafu bila kuyajua, na ninayaandika hapa kwa lugha yangu.

Kompyuta haishiki sauti kama kanda inavyoshika. Inaipima sauti mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo inakiandika kama namba. Diski ya kawaida hupima mara elfu arobaini na nne na mia moja kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti kumi na sita. Sisi tulirekodi kwa vipimo elfu tisini na sita na biti ishirini na nne. Faida kubwa niliyoiona mimi ilikuwa kwenye biti. Ukiwa na biti ishirini na nne huna haja ya kufungua maikrofoni mpaka mshale ugonge nyekundu. Unaacha nafasi ya kutosha juu, na yule baba wa sauti ya nne ambaye kwenye mazoezi ananong'ona na kwenye kurekodi anavuma, anavuma bila kupasua wimbo.

Kuhusu namba kubwa zenyewe, nilikuwa najivuna. Kila mgeni nilimwambia, "Hii ni tisini na sita." Siku moja Neema akachoka. Akanigeuza nitazame ukuta, akawa anapiga wimbo mmoja mara kumi, mara faili kubwa, mara lile la kiasi cha diski, nami nikisie.

"Mzee, umepata nne kati ya kumi," akasema alipomaliza. "Mbuzi angekisia angepata tano."

Tangu hapo tulirekodi kwa namba kubwa kwa sababu ya usalama wa kazi, na tulijivuna kwa mengine.

Kulikuwa pia na ugonjwa niliouita kunenepesha. Mtu anachukua wimbo kutoka memori kadi ya simu, wimbo uliokwisha kubanwa mara mbili tatu huko Tunduma, anaugeuza kuwa faili kubwa, kisha anatuletea kwenye flashi akisema ni kazi safi. Faili ni nzito kweli, lakini ni kama kuipiga picha iliyofifia kwa kamera mpya. Kilichokatwa wakati wa kubana hakirudi. Kwa hiyo, vijana, lindeni faili la kwanza. Nakala za kubana tengenezeni mnavyotaka, lakini lile la kwanza liwe na nakala mbili katika diski mbili, na diski hizo zisilale nyumba moja.

Sasa nieleze kosa langu. Karibu kila mwaka, mvua zilipoanza, sauti yetu iliharibika. Nyimbo zilezile zilizosikika safi mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na mbili zilikuwa na besi inayovimba na maneno yasiyosikika vizuri. Nikafanya utafiti wangu peke yangu na kuandika daftarini: *Unyevu unaingia kwenye kompyuta.* Nikawa naifunika kwa mfuko wa nailoni kila jioni, na pembeni yake naweka mkaa na bakuli la mchele mkavu. Neema alipouliza kuhusu mchele nilimwambia asiuguse. Mvua zilipoisha na mavuno mapya ya kahawa yakajaa ghalani, sauti ilirudi, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mchele. Nilifanya hivyo misimu sita.

Msimu wa saba alikuja Mwalimu Siwale.

Alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Msangano, kule bondeni, mtu mrefu, mfugaji, aliyetunga nyimbo zake kwa Kinamwanga na kuziandika kwa do-re-mi katika madaftari ya shule. Mwezi wa tisa aliipandisha kwaya yake kwa lori, wakalala ukumbi wa usharika, tukawarekodi siku mbili ghalani. Masikio yake yalikuwa yameanza kufunga. Daktari alikuwa amemwambia kwamba yote mawili yanakwenda, hakuna dawa ya kuyarudisha, na hatasikia kwaya tena baada ya muda si mrefu. Alijaribu kifaa cha sikioni cha kuazima, kikampigia miluzi, akamrudishia mwenyewe kwa heshima.

Kwaya yao ilikuwa na utaratibu ambao sikuuona kwingine. Wimbo hautoki kwa watu mpaka mwalimu ausikilize peke yake mwanzo hadi mwisho na kusema, "Umepita." Asiposema, unabaki ndani. Mwezi wa tisa hakusema, maana kazi ya kusafisha na kupanga sauti ilikuwa bado. Tulipomaliza ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Kahawa ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na malori, mvua zimeanza, na njia ya kutoka bondeni imekuwa tope. Alikuja hata hivyo, na mkewe, Mama Nambeye, ambaye alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Wakafikia kwa dada yake Mwalimu hapa mjini, wakapanga kukaa juma moja.

Jumatatu asubuhi aliketi mbele ya spika. Alikuwa anaongea kwa nguvu kama watu wote wasioisikia sauti yao wenyewe.

"Ndugu yangu," akaniambia, "ndege nimeshawaaga. Kengele ya kanisa naiona ikicheza tu. Nimebakiwa na kidogo, na hicho kidogo nimekileta kwako. Wimbo wa mwisho niliuanza kwa sauti ya pili, hizi nyingine nikaziongeza baadaye. Nataka niisikie sauti ya pili imesimama mahali pake. Nikiisikia, nasema umepita."

"Kwa nini ya pili, Mwalimu?" Neema akauliza kwa sauti kubwa.

Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Muulize huyo. Miaka ile hakukubali kuimba kwingine."

"Sema ukweli," Mama Nambeye akasema. "Ya kwanza ilikuwa imejaa mabinti uliokuwa unawaogopa."

Tukapiga wimbo. Mwalimu akafumba macho, akainua mikono kama anayeongoza. Kwenye ubeti wa pili mikono ikashuka.

"Ya pili haipo."

"Ipo, Mwalimu," nikasema. Mimi niliisikia vizuri.

"Labda ipo kwako. Kwangu kuna ng'ombe anakoroma na watu wanapiga filimbi."

Neema akatazama, akaona aibu. Lililokuwa likipigwa ni faili la kubana alilokuwa ametengeneza kwa ajili ya simu. Akaweka lile la kwanza, kubwa. Mwalimu akasikiliza tena, akatikisa kichwa. Jumatatu ikaisha hivyo.

Jumanne tukaingia ndani ya kompyuta. Tukakuta mambo mawili ambayo nawaomba mwangalie kila mnapoanza kazi. La kwanza, mipangilio ya sauti ya kompyuta ilikuwa na kitu kinachoitwa kuboresha, kimewashwa, kinaongeza besi bila kuombwa. Tukakizima. La pili, kompyuta ilikuwa imepangwa kutoa vipimo elfu arobaini na nane, kwa hiyo faili letu la elfu tisini na sita lilikuwa linageuzwa njiani kimyakimya kabla ya kufika kwenye spika. Tukaipanga ilingane na faili. Kisha tukarekebisha kiwango cha sauti. Kilikuwa kinapunguzwa mahali pawili na kuongezwa mahali pa tatu, kama chai inayowekwa maji, halafu majani, halafu maji. Tukafungua kompyuta na programu hadi mwisho, tukawa tunapunguza kwenye amplifaya peke yake. Mvumo wa chinichini ukapungua sana.

Mwalimu akaja mchana. "Ng'ombe ameacha kukoroma," akasema. "Sasa anapumua. Ya pili bado."

Jumatano tukaacha tundu la sauti la kompyuta yenyewe, tukapitisha wimbo kwenye kisanduku cha nje kinachogeuza namba kuwa sauti, kile cha kuchomeka kwa waya wa USB. Kile kidogo kinafanya kazi yake mbali na feni na makelele ya ndani ya kompyuta. Palikuwa na nyuki. Nikamkumbuka Fundi Kapufi, nikachomoa chaja tukatumia betri, na nyuki akanyamaza. Tukaziweka simu zetu nje, maana kabla haijaita simu hutia titi-titi-titi ndani ya spika. Tukafunga programu zote zisizohusika. Kwa masikio yangu, nyimbo za ghala lile hazijawahi kutoka safi hivyo wakati wa mvua. Nikamwambia Mwalimu kabla hajakaa, "Leo utaipata."

Hakuipata. Alisikiliza mara tatu, mara ya tatu kwa kuinama mbele mpaka paji la uso likakaribia spika. Aliponyanyuka sikupenda uso wake.

"Inawezekana tatizo si mashine zenu," akasema, na safari hii aliongea polepole. "Inawezekana nimechelewa."

Mama Nambeye akamshika kiwiko, wakaondoka. Hakumtania.

Jioni ile nyumbani niliomba, na niseme ukweli, sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu kwamba mimi nimefanya sehemu yangu.

Alhamisi nilitaka kuongeza sauti za juu kwa programu. Neema alikataa.

"Mzee, ukiongeza juu utaongeza mate ya midomo na milio ya kuchoma kama sindano. Ya pili haikai huko."

"Basi wewe unasema ikae wapi?"

"Ikae ilipo! Iko kwenye faili, naiona hapa!"

"Mwalimu haoni, Neema. Mwalimu anasikia."

"Hasikii!"

Nilikuwa mzee wa kanisa na nilikuwa nimempigia kelele mtu kwa ajili ya kitufe. Nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha," akachukua hedifoni, na Mwalimu alipoingia akamvalisha. Hatukuwa tumemjaribu nazo, kwa sababu mwenyewe alisema toka Jumatatu kwamba hazitaki.

Akasikiliza dakika moja, akazivua. "Zikiniziba, mlio wangu wa masikioni unapanda. Halafu kwaya inaimba ndani ya kichwa changu, haisimami mbele yangu, siwezi kuiongoza." Akazigeuzageuza mkononi. "Lakini kule nyuma ya mlio nimemsikia mtu wa sauti ya pili. Mmoja."

Nilipaswa kuelewa papo hapo. Kama anaisikia kwenye hedifoni na haisikii kwenye spika, basi faili ni zima, kompyuta ni nzima, kisanduku ni kizima, na hata masikio yake yana kitu kilichobaki. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kutafuta mchele.

Mama Nambeye ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama katikati ya ghala, anajifunga kitenge, anamwita mumewe kwa nguvu waondoke, na akasita katikati ya jina.

"Mbona nyumba hii inanijibu?" akauliza.

"Inakujibu vipi, mama?"

"Nikisema, inasema. Siku tulizoimba haikuwa inajibu. Tulikuwa kama tunaimba ndani ya blanketi, mpaka nikasema hawa watu wa Vwawa wana nyumba nzuri."

Neema akanitazama. Mimi nikatazama kuta. Nikapiga kofi moja, na ghala likapiga kofi langu mara mbili, tatu, likalisukuma mpaka kwenye kona. Kuta za matofali, sakafu ya saruji, bati juu. Magunia hayapo.

Nilikaa kwenye stuli. Misimu sita ya mchele ilinipita mbele ya macho. Sauti nzuri ya mwezi wa tisa haikuwa kompyuta, haikuwa mimi. Ilikuwa kahawa ya wakulima wa Mbozi, imekaa kimya pande tatu ikimeza mwangwi. Kila ilipouzwa, besi ilijikusanya kwenye kona na kuifunika sauti ya pili. Mimi mwenye masikio mazima sikuikosa, kwa sababu niliufahamu wimbo, na palipokosekana sauti nilijijazia mwenyewe bila kujua. Mwalimu hakuwa na masikio ya kujazia. Alisikia kilichokuwepo tu. Kwa siku nne alikuwa anatuambia ukweli kuhusu ghala, nasi tukawa tunamsikitikia.

"Mzee," Neema akasema taratibu, "mchele ule nao tuupike?"

Kahawa haikuwepo popote, na mahindi yalikuwa bado mashambani. Nikakumbuka kwamba kuna mtu wa tanuri la matofali upande wa mtoni ambaye hununua maganda makavu ya kahawa kutoka mashine ya kukoboa, anachomea matofali. Mvua zilikuwa zimezima tanuri lake na magunia ya maganda yamejaa kwenye banda. Nikaenda kumwomba Ijumaa asubuhi.

"Unataka maganda ya nini, Mzee?"

"Ya kusikilizia wimbo."

"Nimesikia mnavyofunga na kuomba," akasema. "Chukua. Yakilowa ni juu yako."

Akina mama wa usharika wakaja, wengine na wanaume zao, na trekta la jirani lenye tela. Ganda ni jepesi, gunia moja mama anabeba kichwani na lingine anaburuta. Mama Nambeye alibeba kuliko sisi. Mwalimu alitaka kubeba naye, wakamkatalia, akasimama mlangoni akihesabu kwa sauti kubwa akikosea. Tukapanga kwenye kona kwanza, tangu sakafuni hadi karibu na dari, kisha nyuma ya spika, kisha nyuma ya kiti cha msikilizaji. Spika tukazivuta mbele, zikaachana na ukuta, tukazielekeza kwenye kiti ili kutoka spika moja hadi nyingine na kutoka kila spika hadi kichwa cha mtu kuwe na urefu mmoja. Tulipima kwa kanga. Nikapiga kofi. Kofi likafa hapohapo.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mvua ya mchana kuanza kugonga bati, Mwalimu Siwale aliketi. Neema akabonyeza. Waliobeba maganda walibaki kando ya magunia, hakuna aliyekohoa.

Sauti ya nne ikaingia, chini, bila kuvimba. Mikono ya Mwalimu ikapanda. Ya tatu ikaja, akaipa ishara kwa mkono wa kulia. Ubeti wa pili ulipokaribia nilitamani kutoka nje. Akageuza uso kushoto, mahali ambapo mwezi wa tisa walisimama wanawake wa sauti ya pili, akanyoosha mkono, akawaita. Mkono haukushuka. Ulikaa pale angani, vidole vinacheza, na mdomo wake ukaanza kufuata maneno pamoja nao. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

Ubeti wa tatu akakunja uso ghafla, akamwashiria Neema asimamishe.

"Nambeye amechelewa," akasema.

"Nani amechelewa?" Mama Nambeye akaruka. "Sijachelewa! Wewe ndiye uliyechelewa kuinua mkono, ulikuwa unamkemea yule wa besi!"

"Umechelewa. Kidogo. Nimekusikia."

Aliposema neno hilo la mwisho, yule mama akajifunika mdomo kwa kitenge. Watu wakacheka, wengine wakashangilia kwa vigelegele vilivyomezwa na maganda.

Neema akauliza kama akate pale na kusogeza sauti iingie kwa wakati. Kwa kompyuta ni kazi ya dakika moja. Mwalimu alimtaka arudie maneno yake mara mbili ndipo akaelewa.

"Usiguse," akasema. "Hapo ndipo anapovuta pumzi. Umepita."

Akausikiliza mara nne zaidi. Mara ya tano tulipomuuliza kama tuendelee alisema hapana, mvua inakuja, na safari ni ndefu.

Masikio ya Mwalimu yalifunga yote mawili kabla ya mavuno. Hatukurudisha maganda yote. Mwenye tanuri alitusamehe, akasema apewe kaseti ya wimbo, nasi tukampa diski kwa kuwa kaseti zilikuwa zimeshakufa. Nami sikufunika tena kompyuta kwa nailoni. Kama mnaona magunia yale yaliyoshonewa vitambaa kwenye kona za chumba chenu cha leo, msiyatoe mkidhani ni uchafu wa zamani. Anzeni na chumba, kisha spika, kisha mipangilio, na namba kubwa ziwe za mwisho. Na mtu akiwaambia hasikii, msimwonyeshe kwenye kioo cha kompyuta kwamba ipo.

Mara ya mwisho nilipomwona Mama Nambeye alikuwa amepanda Vwawa sokoni. Nikamuuliza habari za mumewe. Akasema ni mzima, bado anafundisha kwaya kwa kutazama midomo na vifua. Na jioni, akasema, yeye akiwa anachambua maharage huku anaimba ule wimbo taratibu, Mwalimu humtazama kutoka upande wa pili wa ua, na wanapofika ubeti wa tatu humwambia, "Umechelewa tena."

"Na unakuwa umechelewa?" nikauliza.

"Kila mara," akasema. "Namngoja."

Nawe uliyenisoma kwa uvumilivu mpaka hapa, Mungu akutunzie masikio yako mawili muda mrefu. Akupe mtu wa kumsikiliza, na mtu wa kukuambia ukweli kuhusu chumba ulichomo. Na siku sauti zote zitakaponyamaza kwako, akubakizie ile moja unayoipenda, ikae mahali pake. Amina.